Kufunga Mjadala Bungeni: Mwongozo Kamili kwa Spika, Mjumbe na Karani

Kiswahili kina semi mbili zilizokaribiana kwa maneno na kuachana kabisa kwa maana. Kukata kauli ni kufikia uamuzi. Kumkata mtu kauli ni kumnyamazisha kabla hajamaliza alilokuwa akilisema. Taratibu za kufunga mjadala, kuanzia Bunge la Taifa kule Nairobi hadi Bunge la Kaunti ya Mombasa lenye wawakilishi wa wadi 30 waliochaguliwa, pamoja na wale wa kuteuliwa, zimetungwa ili kikao kiweze kufanya la kwanza bila ya kuangukia la pili. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana wanaoendesha mabunge ya mfano katika shule na kumbi za mitaa yetu, kwa wasaidizi wa wawakilishi wadi, na kwa mwananchi anayeketi katika jukwaa la wageni na asielewe kwa nini mjadala umekatika ghafla ilhali wajumbe wengine walikuwa bado wanataka kusema.

Nimekaa kwa miaka kadhaa kwenye meza ya karani, na baadaye katika kiti cha spika, katika vikao vya bunge la vijana upande wa Kisauni. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote ni kusahau kwamba kufunga mjadala kwa nguvu ya kikao kunahitaji kura mbili, si moja.

Elewa kwanza unachotaka kukifunga

Hoja hupitia njia ileile karibu katika kila bunge linalofuata desturi tuliyoirithi kutoka Uingereza. Mtoa hoja huitoa na kuieleza, mwenzake huiunga mkono, kisha Spika huliweka swali mbele ya ukumbi ili lijadiliwe. Wajumbe huchangia kwa zamu. Wakishamaliza, mtoa hoja hupewa nafasi ya kujibu yaliyosemwa, na baada ya hapo Spika huliuliza swali ili liamuliwe kwa kura. Kuna basi nyakati mbili ambapo Spika hulitaja swali, mara ya kwanza kuufungua mjadala na mara ya pili kuufunga, na ombi la kufunga mjadala haliwezi kusikilizwa ila baina ya nyakati hizo mbili. Kabla ya ile ya kwanza hakuna mjadala wa kufungwa, na baada ya ile ya pili hakuna mjumbe anayeruhusiwa kusema tena.

Mara nyingi mjadala hujifunga wenyewe. Hakuna mjumbe anayesimama, Spika hutazama kulia na kushoto, kisha humwita mtoa hoja ajibu. Hapo hakuna utaratibu wowote wa kutafuta.

Yapo pia mambo matatu yanayofanana na kufunga mjadala lakini siyo. Kuahirisha mjadala ni kuusimamisha ili uendelee siku nyingine, na hoja yenyewe hubaki hai. Kuahirisha kikao ni watu kwenda zao muda wa kikao unapokwisha, na mjadala uliokatizwa huanzia pale ulipoachwa. Kumwamuru mjumbe mmoja aketi, kwa sababu anarudiarudia maneno yaleyale au ametoka nje ya mada, ni mamlaka ya Spika juu ya mjumbe huyo tu, na wenzake wanaendelea kuchangia. Nimewahi kuwasikia vijana wakisema “mjadala umefungwa” wakimaanisha lolote kati ya haya matatu, na kila mara ugomvi uliofuata ulitokana na neno hilo kutumiwa pasipo mahali pake.

Zisome kanuni za ukumbi wako, usiazime za wengine

Ibara ya 124 ya Katiba ya Kenya inalipa kila Bunge uwezo wa kujitungia Kanuni za Kudumu, na mabunge ya kaunti nayo yana kanuni zao. Bunge la Taifa lina toleo la Kiswahili la kanuni zake, nami nawahimiza vijana walitumie, kwa kuwa mtu akizisoma taratibu katika lugha anayoiwazia huzishika upesi zaidi. Fungua sehemu inayohusu kanuni za mjadala, tafuta kifungu cha kufunga mjadala, kisha kinakili neno kwa neno kwenye karatasi utakayokwenda nayo ukumbini.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu idadi ya kura inayotakiwa hutofautiana sana baina ya nchi na nchi. Kwetu, wengi wa kawaida kati ya waliopo na wanaopiga kura wanatosha, kama ilivyo kanuni ya jumla ya ibara ya 122 kuhusu maamuzi ya Bunge. Katika Bunge la Makabwela la Uingereza haitoshi upande wa kufunga kuwa na kura nyingi. Ni lazima wajumbe wasiopungua 100 wawe wamepiga kura ya kuunga mkono. Seneti ya Marekani ni kali zaidi. Maseneta 16 hutia saini ombi, kura hupigwa keshokutwa yake, na kwa miswada zinahitajika kura za tatu kwa tano ya maseneta wote, yaani 60 kati ya 100 viti vyote vikiwa na watu. Na hata hapo bado huweza kubaki saa 30 za mjadala kabla ya uamuzi wa mwisho. Kijana aliyejifunza taratibu kwa kutazama habari za Washington akija kusimamia kikao Changamwe na kudai kura 60 kwa 100, atakuwa amewanyima wenzake haki ambayo kanuni zao wenyewe zimewapa.

Hesabu waliosema kabla hujasimama

Mjumbe anayetaka mjadala ufungwe anapaswa kuwa na ushahidi mkononi. Mimi hutumia daftari la kawaida la shule, ukurasa nimeugawa safu tatu: walioiunga hoja, walioipinga, na waliopendekeza marekebisho. Kila anayesema huandikwa jina lake, na pembeni mwake maneno mawili au matatu ya jambo jipya alilolileta. Ikiwa hakuleta jipya, naweka kistari. Ukurasa unapoanza kujaa vistari katika safu zote, hapo ndipo mjadala umeiva kufungwa. Lakini ikiwa safu moja ina majina tisa na nyingine ina moja, basi ukurasa huo huo unakuonya usisimame bado, hata kama wengi ukumbini wamechoka.

Zungumza pia na kiranja wa upande wako, yaani mjumbe anayewaratibu wenzake, na, ikiwezekana, wa upande wa pili. Maafikiano ya nani aseme mwisho huokoa muda mwingi kuliko ombi lolote la kufunga.

Simama, na useme maneno yenyewe

Subiri mjumbe anayesema amalize. Simama, na Spika akikuona useme: “Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja kwamba mtoa hoja sasa aitwe ili ajibu.” Kisha uketi. Usieleze sababu, usimtaje mjumbe yeyote, wala usiongeze hotuba yako mwenyewe mbele ya ombi hilo, kwa kuwa anayetumia zamu yake kuchangia kwa kirefu kisha akaomba wengine wasichangie amejipa faida ambayo ukumbi utaiona mara moja.

Katika mabunge yetu kuna njia ya upole ambayo wajumbe wazoefu huipendelea. Mjumbe husimama kwa hoja ya nidhamu na kuuliza: “Mheshimiwa Spika, nikiitazama hali ya ukumbi, je, ni sawa niombe mtoa hoja aitwe ajibu?” Ombi ni lilelile. Hata hivyo wajibu wa Spika haupungui kwa sababu limevikwa kanzu ya swali. Ni lazima aliamue kwa utaratibu uleule, na asilichukulie kimya cha watu kuwa ni kura.

Ikiwa kilicho mbele ya ukumbi ni pendekezo la marekebisho na si hoja kuu, maneno hubadilika. Hapo mjumbe huomba “kwamba swali sasa liulizwe”, na kinachofungwa ni mjadala wa marekebisho hayo peke yake. Yakishaamuliwa, mjadala wa hoja kuu huendelea, ikiwa na marekebisho au bila. Nimeona kikao kizima kikitoka nje kunywa chai kikidhani kimemaliza kazi, kumbe kilikuwa kimeamua neno moja tu ndani ya hoja.

Spika apime, na apime kwa haki

Hatua hii ndiyo moyo wa utaratibu wote. Ombi la kufunga mjadala halijadiliwi wala halirekebishwi, na kwa hiyo wanaolipinga hawana nafasi ya kujitetea kwa maneno. Kinga yao ni Spika. Kanuni zinamtaka ajiulize mambo mawili kabla ya kulipeleka ombi kwenye kura: je, ombi hili ni matumizi mabaya ya taratibu za Bunge? Na je, linavunja haki za wajumbe? Jibu likiwa ndiyo kwa moja kati ya hayo, analikataa papo hapo, mjadala unaendelea, na hakuna kura inayopigwa.

Nikiwa kitini mimi hutazama kwanza uzito wa jambo. Hoja ya kubadilisha saa ya kikao huweza kufungwa baada ya wasemaji wanne. Hoja ya kuwahamisha wachuuzi kutoka kwenye barabara wanazopatia riziki haiwezi. Kisha naliangalia daftari la karani nione kama upande wa wachache umesikika kupitia wasemaji wake wakuu. Baada ya hapo nauliza kama kuna mjumbe ambaye jambo lenyewe linamgusa moja kwa moja naye bado hajasema: mwakilishi wa Likoni katika hoja ya kivuko, kwa mfano, hata kama wengine 20 wameshakizungumzia kivuko hicho kwa ufasaha. Mwisho naangalia saa, na nakiri kwamba saa ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Muda ukiisha, mjadala unaweza kuahirishwa, haulazimiki kufungwa.

Historia ya utaratibu huu yenyewe inaonyesha kwa nini mizani hii inahitajika pande zote mbili. Mwaka 1881 Bunge la Makabwela lilikaa saa 41 mfululizo, tangu Jumatatu tarehe 31 Januari hadi asubuhi ya Jumatano tarehe 2 Februari, kwa kuwa wabunge wa Ireland walioongozwa na Charles Stewart Parnell waliamua kusema bila kukoma ili kuuzuia mswada wa kuipa serikali uwezo wa kuwazuilia watu wa Ireland bila ya kuwafikisha mahakamani. Spika Henry Brand aliukata mjadala kwa mamlaka yake mwenyewe, bila kanuni yoyote iliyoandikwa. Kanuni za kufunga mjadala zilitungwa baada ya hapo, ili jambo hilo lisitegemee tena ujasiri wa mtu mmoja. Ninapoisoma habari hiyo nawaonea imani wale wachache, kwani walikuwa wakiutetea uhuru wa watu wao. Lakini kule Marekani kisa kilikuwa kinyume chake. Waliosema bila kukoma mwaka 1964 walitaka kuizuia Sheria ya Haki za Kiraia, na watu weusi walipata haki zao kwa sababu tarehe 10 Juni mwaka huo Seneti iliufunga mjadala kwa kura 71 kwa 29. Spika basi hawezi kusema daima kwamba kufunga ni dhuluma, wala kwamba kuongeza muda ni haki. Anapaswa kuutazama mjadala ulio mbele yake.

Akiamua kulikataa ombi, aseme sababu kwa sentensi moja: “Sijaridhika kwamba upande wa pili umesikika vya kutosha, mjadala uendelee.” Akiamua kulikubali, aende moja kwa moja kwenye kura.

Kura ya kwanza, kisha kura ya pili

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Ilikuwa alasiri katika ukumbi wa shule, hoja ikiwa ni kutaka wachuuzi wa barabara za karibu na Marikiti watengewe sehemu maalumu. Joto lilikuwa kali, feni moja haizunguki, na adhana ya Magharibi ilikuwa imekaribia. Mjumbe mmoja akaomba mtoa hoja aitwe. Nami, kwa haraka, nikasema: “Wanaokubali?” Ukumbi ukaitikia “Ndiyo” kwa kishindo. Nikagonga meza nikatangaza kwamba hoja imepita. Nusu ya walioitikia walidhani wanakubali mjadala ufungwe. Nusu nyingine walidhani wanaipitisha hoja. Mtoa hoja hakujibu. Katika safu ya tatu alikuwepo msichana kutoka Bamburi, mamake ni mchuuzi wa mboga, ameishika karatasi aliyoiandika kwa mkono pande zote mbili, akanitazama bila kusema neno. Wiki iliyofuata niliutangaza uamuzi ule kuwa batili, nikaufungua mjadala upya, na yeye akawa msemaji wa kwanza.

Ili lisikupate hilo, tamka swali lote kabla ya kuita sauti. Sema: “Swali lililo mbele yenu ni kwamba mtoa hoja sasa aitwe ili ajibu. Swali hili halihusu hoja yenyewe. Wanaokubali waseme Ndiyo.” Ngoja. “Wanaokataa waseme La.” Ngoja tena, kisha utangaze upande ulioshinda kwa sauti. Ukisikia idadi ya wajumbe iliyotajwa katika kanuni ikidai mgawanyiko, kengele ipigwe, milango ifungwe muda uliowekwa ukiisha, na kura zihesabiwe kichwa kwa kichwa. Katika Bunge, kwa mujibu wa ibara ya 122, Spika hana kura, na kura zikilingana swali limeshindwa. Katika ombi la kufunga mjadala, maana yake ni kwamba mjadala unaendelea.

Ombi likipita, mwite mtoa hoja. Ana haki ya kujibu yaliyosemwa, lakini hana haki ya kuleta jambo jipya, kwa sababu hakuna atakayeruhusiwa kulijibu. Akileta jipya, mkatize kwa upole na umrejeshe kwenye mada. Akimaliza, simama na uulize swali la hoja kuu, tena kwa maneno yake kamili, na upige kura ya pili.

Kura hizi mbili huweza kuhitaji idadi tofauti. Hoja ya kumwondoa gavana madarakani inahitaji kuungwa mkono na angalau thuluthi mbili za wajumbe wote wa bunge la kaunti ili ipite. Mswada wa kubadilisha Katiba chini ya ibara ya 256 unahitaji thuluthi mbili za wajumbe wote wa kila Bunge, katika kusomwa mara ya pili na mara ya tatu. Ombi la kufunga mjadala wa mambo hayo huamuliwa kwa wengi wa kawaida, isipokuwa kanuni ziseme vingine. Na yapo ambayo kufunga mjadala hakuwezi kuyafupisha kamwe: zile siku 90 baina ya kusomwa kwa mswada wa Katiba mara ya kwanza na mara ya pili ziko palepale, hata wajumbe wote wakiwa na haraka.

Ombi likishindwa, mjadala unarudi ulipokuwa, na anayefuata kusema ni yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Spika asikubali ombi lilelile litolewe tena baada ya msemaji mmoja. Lazima pawe na mchango mpya wa kutosha katikati.

Kuweka muda tangu mwanzo

Njia nyingine ni ukumbi kukubaliana mapema, kwa hoja ya utaratibu, kwamba mjadala wa jambo fulani hautazidi saa kadhaa na kila msemaji atapewa dakika kadhaa. Wabunge wa Tanzania huiita gilotini pale mafungu ya bajeti yaliyosalia yanapopitishwa kwa pamoja muda ukiwa umekwisha, na neno hilo limeingia pia katika mazungumzo ya vijana wetu. Naiona njia hii kuwa ya haki zaidi, kwa sharti moja, kwamba muda ugawanywe baina ya pande kabla ya kuanza. Usipogawanywa, upande wenye watu wengi huujaza muda wote, na saa ikifika wachache hawajafungua midomo.

Ikiwa wewe ni wa upande wa wachache

Usingoje ombi litolewe ndipo ulalamike. Mpelekee karani majina ya wasemaji wako mapema, na mweke wa kwanza yule mwenye hoja nzito kuliko zote, kwa sababu huenda asiwepo wa pili. Kama una marekebisho, yawasilishe kwa maandishi kwa wakati unaotakiwa. Spika ataona ugumu wa kuufunga mjadala ilhali karatasi yako iko mezani haijasomwa. Ombi likitolewa, simama kwa hoja ya nidhamu, umweleze Spika kwa utulivu kwamba upande wako umetoa wasemaji wangapi, kisha uketi. Akiamua kinyume nawe, bado una kura ya “La”, na unaweza kudai mgawanyiko ili majina yaandikwe.

Anachoandika karani

Karani aandike saa ambayo ombi lilitolewa, jina la aliyelitoa, maneno yake, uamuzi wa Spika pamoja na sababu kama ameitoa, na matokeo ya kila kura katika mstari wake: kwanza kura ya kufunga mjadala, chini yake jibu la mtoa hoja, chini yake kura ya hoja kuu. Aambatishe pia orodha ya waliokuwa wameomba kusema na hawakufikiwa. Katika kikao chetu orodha hiyo husomwa na Spika mwanzoni mwa kikao kinachofuata, jina moja baada ya jingine, na waliomo ndio wanaoitwa kwanza katika mjadala wa siku hiyo.